Mashine ya oksijeni ya kupandia ndege: ipi ununue, ipi ukodi, ipi uachane nayo

Wengi wanaoulizia mashine hizi ni watu wanaompeleka mzazi India kwa matibabu, au mzee ana mtoto London au Minneapolis anataka akamuone mjukuu, na mapafu ndo hayo tena, ama COPD (ugonjwa wa njia za hewa kuziba taratibu) ya miaka na miaka ya moshi wa kuni ama makovu yaliyobaki baada ya TB. Na swali la kwanza siku zote ni bei. Jamani bei iwe swali la mwisho, maana mashine ya bei rahisi isiyokubalika kwenye ndege ni hela imepotea na mgonjwa amebaki uwanjani.

Kwanza ujue kwanini inahitajika. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inakuwa nyepesi sawa na ya mlima wa hadi mita 2,440 hivi, kwahiyo ni kama mtu anavuta hewa yenye oksijeni 15% badala ya 21% tuliyozoea huku pwani. Mzima hata hasikii. Ila mgonjwa ambaye hapa Dar oksimita ya kidoleni (kipimo cha asilimia ya oksijeni kwenye damu) inamsoma 93 akiwa amekaa anaweza kushuka vibaya sana huko juu, hata kama nyumbani hajawahi kutumia oksijeni. Kwahiyo kabla hela haijatoka muone daktari wa kifua. Kuna kipimo mgonjwa anavutishwa hewa ya 15% kwa dakika 20 hivi, oksimita ikishuka chini ya 85 anaandikiwa oksijeni ya safari. Si kila hospitali inacho, lakini daktari mzuri atamtembeza, atampima, atakwambia. Kama nyumbani anatumia zaidi ya lita 4 kwa dakika, mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza unashauri asipande ndege. Na aliyewahi kuvuja hewa kwenye pafu asiruke mpaka X-ray ioneshe pafu limerudi sawa kabisa na baada ya hapo ipite wiki nzima.

Sasa kitu ambacho wauzaji hawakisemi kabisa. Hizi mashine ndogo nyingi hazitoi oksijeni mfululizo, zinatoa kwa pigo, yani mgonjwa akianza kuvuta pumzi mashine inasikia na kumpulizia kidogo puani. Ile namba 2 kwenye kioo SIO lita 2 kwa dakika, ni setting tu ya hiyo kampuni, namba 2 ya mashine hii haifanani na namba 2 ya ile. Ukitaka kulinganisha uliza inatoa mililita ngapi kwa dakika kwenye setting ya mwisho. Na mgonjwa anayelala mdomo wazi, au pumzi yake ni fupi na dhaifu sana, mashine inaweza isimsikie. Huyo anahitaji ya mfululizo, na hapo uchaguzi wako unakuwa mwembamba sana.

Haya, mpangilio wangu huu hapa.

Ya kwanza kwa wagonjwa wengi ni Inogen One G5, au Rove 6 ambayo ni mrithi wake. Kilo 2.2 hivi, setting 1 hadi 6, mwisho wake 1,260 ml kwa dakika, ambayo kwa mashine ya kubeba begani ni nyingi. Betri ndogo inafika masaa 6.5 na kubwa masaa 13, ILA hiyo ni kwa setting 1, ukipandisha masaa yanaporomoka haraka. Naiweka juu kwa sababu ukishafika huko mita 2,400 daktari mara nyingi anakwambia upandishe setting, na hii ina pa kupandia. Mpya jiandae na dola 2,000 na zaidi.

Ya pili CAIRE FreeStyle Comfort, setting 5, mwisho 1,050 ml, uzito karibu sawa na ya kwanza. Imepinda kidogo inakaa vizuri ubavuni. Ukipata hii kwa bei nzuri na ile ya kwanza hupati, chukua usisite.

Ya tatu, lakini kwa anayehitaji mfululizo hii ndo ya KWANZA, ni CAIRE Eclipse 5. Inatoa mfululizo hadi lita 3 kwa dakika. Nzito, kilo 8 na kitu, inavutwa kwa magurudumu kama begi la safari na betri inakwisha mapema ukiweka mfululizo. Philips SimplyGo nayo inatoa mfululizo hadi lita 2 na ni kilo 4.5 tu, mashine nzuri, tatizo Philips waliacha kuuza mashine zao za oksijeni Marekani 2024, kwahiyo unayoiona ni mtumba au stoo ya zamani na betri zake zitakusumbua kuzipata. Kwa safari moja kodi, usinunue.

Ya nne Inogen One G4. Kilo 1.3 tu, watu wanaipenda kwa udogo wake, lakini inaishia setting 3 na 630 ml. Inamfaa ambaye nyumbani yuko vizuri na anahitaji kusukumwa kidogo tu angani. Mgonjwa ambaye tayari yuko setting 2 akiwa chini, akifika juu amebakiwa na ngazi moja tu.

Ya tano ni oksijeni ya shirika la ndege lenyewe. Baadhi wanatoa kwa malipo, tena kwa kila kipande cha safari, na lazima uombe mapema. Shida yake inaishia mlangoni mwa ndege, kwenye transit hauna kitu.

Na za kuachana nazo kabisa: zile mashine za mezani za bei poa zilizoandikwa lita 1 hadi 7. Soma karatasi yake kwa makini, utakuta lita 1 ni 93% lakini lita 7 ni 30% tu, yani anapuliziwa hewa ya kawaida iliyochangamshwa kidogo, na nyingi hazina hata betri. Vikopo vya kupuliza vya oksijeni haviruhusiwi ndani ya ndege. Mtungi wako wa gesi nao kwa mashirika ya Marekani ni hapana, kwingine mpaka kibali cha shirika na usizidi kilo 5.

Betri ndo zinawakamata wengi. Sheria ya Marekani inaruhusu shirika kudai betri za 150% ya muda wa kuruka, na mashirika mengi ya kwingine wanafuata hesabu hiyohiyo. Dar hadi Mumbai masaa 6 hivi, kwahiyo betri za masaa 9. Nairobi hadi London masaa 9, jiandae na 13 na nusu. Nairobi New York moja kwa moja ni kama masaa 15, hapo ni 22 na nusu, na hesabu uifanye kwa setting ATAKAYOTUMIA angani. Usitegemee soketi ya kiti. Geuza betri usome Wh (watt-hour, yani kiasi cha umeme inachobeba), mpaka 100 hamna shida, 100 hadi 160 unahitaji ruhusa ya shirika na za akiba ni mbili tu, zaidi ya 160 haipandi. Za akiba zikae kwenye begi la mkononi, ziba vile vyuma vya betri kwa tepu, kila moja na mfuko wake.

Halafu watu wa transit Addis nisikilizeni. Uwanja wa Bole uko mita 2,334, ni kama hujashuka kwenye ndege. Mama yangu mkubwa tulishuka pale tukamzimia mashine ili kutunza chaji, kabla hatujamaliza foleni ya ukaguzi midomo imeanza kubadilika rangi na oksimita inasoma 83. Hapo iache inawaka, omba wheelchair tangu siku ya kukata tiketi, na masaa ya kusubiri yaingie kwenye hesabu ya betri. Nairobi nayo si chini, mita 1,600 na kitu.

Pale kaunta wataigeuza mashine kutafuta maandishi mekundu ya kiingereza, kwamba mtengenezaji amethibitisha inakidhi vigezo vya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kwahiyo ukinunua mtumba omba picha ya hiyo lebo na ya Wh ya betri kabla hujatuma hela, na muuzaji aipime oksijeni kwa kipimo mbele yako, isishuke chini ya 87% kwenye setting ya juu kabisa. Ikishuka vichujio vimechoka, na kwenye G5 unaweza kuvibadilisha mwenyewe ila bei yake uitoe kwenye bei ya mashine. Fomu ya MEDIF, yani ile ya shirika la ndege ya kueleza hali ya mgonjwa, ajaze daktari, ifike kwa shirika mapema, wengi wanataka masaa 48 hadi 72 kabla, na jina la mashine liandikwe vilevile lilivyo kwenye lebo.