Mji Mkongwe wa Unguja: niliahidiwa mchanga, nikakutana na habari za Bunkeya

Ninauza vitenge katika soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, huku Kongo, na kama wenzangu wengi, mali yangu naifuata Dar es Salaam. Banduku, yaani ndugu zangu, mnaopita njia hiyo mnajua: ukimaliza Kariakoo, mzigo ukiwa bado unasubiri karatasi, lazima mtu akuambie uvuke Zanzibar ukapumzike. Picha atakazokuonyesha ni zile zile, mchanga mweupe na mnazi ulioinama. Hizo ni za Nungwi na Paje, mbali na bandari. Boti inakushusha Malindi, katikati ya mji, na mji wenyewe hauna haja ya kukupumzisha.

Safari ya boti ni kama saa mbili. Paspoti uiweke karibu, kwani uhamiaji wa Unguja wanaikagua hata kama umetoka Dar tu. Nje ya geti wamejaa papasi, kila mmoja anataka kukubebea begi na kukuuzia safari. Mimi na dada yangu mkubwa tuliwapita bila kusimama, tukamwomba mwenye nyumba ya wageni atutafutie kijana wa kututembeza asubuhi nzima kwa dola 20. Huduma ninayoipima hapa ni hiyo.

Kijana alikuja kwa wakati, akatuamkia shikamoo. Dada, ambaye kwao Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, hajawahi kuamkiwa hivyo, akamjibu yambo, mambo yakaisha. Tukaingia vichochoroni.

Sisi tumekulia mji uliopimwa na Wabelgiji mwaka 1910, barabara zimenyooka, njia panda ni njia panda. Huku kichochoro kinajipinda, kinakubana, halafu pikipiki inapiga honi mgongoni na wewe unajibanza ukutani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zimebanduka vibaya. Milango ndiyo imesimama: mbao nzito za kuchongwa, misumari ya shaba ya njano imejipanga safu kwa safu. Mtu wa Katanga, kwetu kwenye migodi ya shaba, hapiti shaba bila kuigusa. Ile imechanganywa na zinki, lakini niliigusa vilevile. Dada ana magoti mabovu, na kwake sifa kubwa ya mji ni baraza, vile viti vya mawe mbele ya nyumba. Kila alipochoka palikuwa na mahali pa kukaa, na hakuna aliyemfukuza.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, tuliitazama kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Picha moja, tukaendelea.

Mkunazini ndipo tulipokaa sana. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ndani kuna msalaba wa mti, na kijana alieleza vizuri kwamba umetokana na mti wa kijiji cha Chitambo, ambapo moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa. Hakusema Chitambo iko wapi. Iko Zambia, karibu na ile ncha ya Katanga inayochoma ndani ya nchi hiyo. Msalaba ule umetoka kwa majirani zetu! Nje, shimoni, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Dada alisimama pale muda mrefu, akauliza: "Hawa walitoka wapi?" Kijana akajibu: "Bara, mama." Bara ni kubwa, mwanangu.

Hapo ndipo ninapomkata nyota moja. Shangani alituonyesha nyumba ya Tippu Tip, ambayo siku hizi watu wanaishi, huingii, unatazama mlango. Akamwita mfanyabiashara maarufu, basi. Kwetu huyo ndiye Hamed bin Muhammed aliyeweka makao Kasongo, Maniema, akachukua pembe za ndovu na watu, halafu mwaka 1887 Leopold, mfalme wa Wabelgiji, akampa ugavana wa Stanley Falls. Na Msiri, kijana hakumjua kabisa. Nikamweleza mimi: mfalme wa Bunkeya, huko kwetu Katanga, aliyeuza shaba, pembe na watumwa kuelekea pwani zote mbili, na kwamba msafara wa Stairs, uliotumwa na Leopold huyo na uliomwua Disemba 1891, uliandika askari na wapagazi wake hapa hapa Unguja. Kijana akatoa simu, akaandika. Hilo nalipenda. Lakini matembezi yale yanasimuliwa kwa mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari, si kwa mtu aliyetoka mwanzo wa njia ya misafara. Ukienda, mwambie mapema unatoka Kongo, na umuulize maswali yako kabla hajaanza maelezo yake ya kila siku.

Chakula: jioni Forodhani ni kelele na moshi, mishkaki mizuri, ila samaki wa kuchoma ulizeni bei kwanza. Mimi naisifu zaidi urojo ya mchana karibu na Darajani, chachu, nzito, na bajia zake. Dada aliagiza kisamvu cha nazi, akasema sombe ya kwake, ndiyo kisamvu cha kwetu, haijawahi kuwekewa sukari namna hii, kisha akamaliza sahani.

Nne kwa tano. Anayetaka kulala mchangani apite moja kwa moja kaskazini, asipoteze dola zake mjini. Anayebaki avae viatu vilivyofunga, avae nguo inayofunika mabega na magoti, aanze asubuhi kabla jua halijawa kali, na ajue kwamba kiingilio cha Mkunazini kinalipwa peke yake. Bebeni shilingi. Dola yenye mkunjo au alama, hata huko hawaitaki.