Uzoefu wangu: kusoma Historia ya fomu siksi jioni hapa Moshi nikiwa mtu mzima

Wateja wangu wananiuliza sana hili jambo la kurudi kusoma ukubwani, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Mi nauza vitambaa karibu na soko la Mbuyuni, niliishia fomu foo zamani nikiwa na krediti zangu tatu, maisha yakaendelea, ndoa, watoto, biashara. Mwaka jana nikajiandikisha PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo kimoja cha jioni hapa mjini, kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na leo naongelea Historia tu maana ndo somo lililonifanya nisiache hata siku nimechoka mpaka miguu inawaka.

Mazingira ni ya kawaida. Madawati ya zamani, umeme ukikatika tunawasha tochi za simu tunaendelea. Darasani tupo mchanganyiko, vijana wanaorisiti, dereva wa Hiace, mama mmoja wa makamo anatokea Meru, na hakuna anayemcheka mtu kwa umri, hilo nawapa maksi zote.

Sasa mwalimu wa pepa ya kwanza, ile ya historia ya Afrika, jamani. Mada ya ukoloni wengi tuliisoma sekondari kwa kukariri, kwa nini baadhi ya viongozi wa Kiafrika walipigana na wengine wakashirikiana na wakoloni, unaandika hoja sita unafunga daftari. Huyu mwalimu hakuanza na hoja, alichora mlima ubaoni akaweka vidoti vitatu, Kibosho, Moshi, Marangu, akatuuliza kwa nini mamangi, yaani watawala wa Kichaga, wa mlima mmoja, wanaojuana, waliamua tofauti kabisa. Mangi Sina wa Kibosho alipigana na Wajerumani 1891, na Mangi Rindi wa Moshi alikuwa upande wa Wajerumani kwenye vita hiyo hiyo kwa sababu Sina alikuwa mpinzani wake wa siku nyingi. Halafu Rindi akafariki, mwanae Meli akachukua kiti, na 1892 huyo huyo mtoto wa rafiki wa Wajerumani akawapiga mpaka kamanda wao von Bülow akafa na wakaondoka Moshi. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa chini ya von Schele, na Mangi Marealle wa Marangu akiwa upande wao. Yani mimi nimezaliwa hapa hapa, majina ya hizi koo nayasikia tangu mtoto, lakini hakuna aliyewahi kuniwekea hivyo kwamba kila mmoja wao alikuwa na hesabu zake, ana adui zake, ana watu wake wa kulinda, na Mjerumani aliingia katikati ya ugomvi uliokuwepo tayari. Tulibishana darasani mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Kijana mmoja akasema Marealle alikuwa msaliti, mwalimu akamwambia sawa, sasa niandikie ukurasa mmoja ukiwa wewe ndo Marealle mwaka 1893, unajua yaliyompata Sina, utafanya nini.

Jumamosi moja tukachanga nauli tukapanda Old Moshi. Ule mti ambao Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 kwa tuhuma za kupanga njama, yeye na viongozi wenzake, tumekaa pale chini tukasoma kwa sauti habari za yale mafuvu ya watu wa huku yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Mwaka 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeonyesha ndugu wa baadhi ya mafuvu wapo huku kwetu, na mojawapo ni la Akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe bado familia inalitafuta. Ukishakaa pale swali la athari za ukoloni halikupi shida tena, una cha kuandika na unajua kwa nini unaandika.

Na yule mama wa Meru ndo alitufundisha kesi ya ardhi ya Wameru kuliko notisi yoyote, bibi yake alikuwa Engare Nanyuki mwaka 1951 serikali ya Mwingereza ilipowahamisha kwa nguvu kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa, watu wakapelekwa Kingori. Alipofika kwenye Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, kwenda New York 1952 kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwalimu alikaa chini akamwachia kipindi chote. Kwangu hiyo ndo alama ya mwalimu mzuri.

Ambayo sikuyapenda nayo niseme. Pepa ya pili, ile ya historia ya dunia, ilikuwa na mwalimu mwingine na huyo anasoma desa (notisi) sisi tunaandika, mapinduzi ya viwanda, mapinduzi ya Urusi 1917, unatoka umejaza daftari lakini ukiulizwa kwa nini huna jibu. Tulilalamika ofisini tukaambiwa tuvumilie. Esei pia zinachelewa kusahihishwa, na hili ni kubwa kwa sababu pepa zote mbili ni esei, usiporudishiwa kazi yako mapema huoni unapopoteza maksi. Vitabu vya kituo ni vichache, mi nilikuwa naenda maktaba ya mkoa asubuhi kabla sijafungua duka. Na lugha, mtihani ni Kiingereza, kwa hiyo mjadala mzuri wa Kiswahili wa jana usiku lazima kesho ukauandike tena kwa Kiingereza mwenyewe, ukikaa bila kufanya hivyo unafeli huku unajua. Mi na yule dereva tulikuwa tunabadilishana madaftari, kila mtu anamsahihisha mwenzake.

Ada ya kituo inalipika, wanakubali nusu nusu, ila ujue ada ya mtihani ni kitu kingine kabisa, hiyo unalipa Baraza la Mitihani kwa kontroli namba na tarehe zao hazimsubiri mtu, fuatilia mwenyewe usimwachie karani.

Kama unataka cheti tu cha haraka na huna muda wa kusoma nyumbani, hapa utaumia, pepa ya pili itakuangusha. Kama unaipenda Historia au unahisi uliwahi kunyimwa, nenda, lakini kabla hujalipa omba kukaa darasani jioni moja na uulize nani anafundisha pepa ipi. Wakikukatalia kukaa hata hiyo jioni moja tafuta kituo kingine, Moshi hii vipo.