Ash Meadows, Nevada: siku nzima kwa ajili ya samaki wasiofika urefu wa kidole

Mara ya kwanza nilifika Ash Meadows kwa basi dogo la kampuni moja ya watalii, na ziara ile haikunifaa kitu. Dereva alitushusha Devils Hole, shimo la maji ndani ya mwamba, akatupa dakika ishirini, akatuambia kwamba samaki wenyewe hawaonekani na kwa hiyo tusijisumbue kuwatafuta, kisha tukapakiwa tena kuelekea Death Valley. Mwezi Machi nilirudi na mke wangu kwa gari la kukodi, tukakaa tangu asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama. Ninaandika tathmini hii kwa sababu hifadhi ile haistahili kuhukumiwa kwa dakika ishirini.

Ash Meadows iko katika jangwa la Mojave, kiasi cha kilomita 145 kaskazini-magharibi mwa Las Vegas, na haina kiingilio. Wengi huipita bila kusimama kwa sababu kutoka barabarani huoni ila vichaka vya jangwani na udongo mweupe, ilhali chini yake kuna maji ya zamani sana yanayotokeza juu katika chemchemi nyingi zenye joto. Ndani ya chemchemi hizo wanaishi samaki wa jamii ya Cyprinodontidae, ambao wafugaji wa samaki huwaingiza katika kundi la samaki wadogo waitwao kilifishi. (Mswahili akilisikia neno hilo fikra humpeleka Kilifi, lakini asili yake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya kijito.) Ni jamii inayostahimili maji ya namna nyingi mno: Cyprinodon variegatus huishi katika maji ya chumvi kwenye pwani ya Atlantiki na Ghuba ya Meksiko, wale wa kijito cha Salt Creek kule Death Valley huvumilia maji yenye chumvi kuliko bahari, na hawa wa Ash Meadows wamebaki katika maji matamu, baada ya maziwa na mito ya kale ya eneo hilo kukauka na kuwaacha wametengana, kila kundi na kidimbwi chake.

Kama una nafasi ya kusimama mahali pamoja tu, simama Point of Rocks. Njia ya mbao inaanzia maegeshoni na kwenda hadi Kings Pool, na imetandazwa vizuri kiasi kwamba mzee mwenye mkongojo au mtu wa kiti cha magurudumu hufika bila taabu. Maji ya bwawa hilo ni maangavu kama kioo. Mwanzoni hatukuona kitu. Nusu saa baadaye, tulipokuwa tumeinama kimya kwenye kingo za mbao, kila pembe ya bwawa ilikuwa na samaki. Mmoja dume, wa buluu inayong'aa kama shanga, alikuwa amejitwalia kipande cha sakafu kisichozidi upana wa sahani, na kila dume mwingine aliyesogea alimfukuza mpaka mpakani, akageuka ghafla, akarudi katikati. Majike, wenye rangi ya udongo na mistari iliyokoza ubavuni, aliwaacha wapite. Kwa Kiingereza samaki hawa wamepewa jina la pupfish, linalowafananisha na watoto wa mbwa, na ukiwatazama wakikimbizana huhitaji kuelezwa sababu. Mke wangu, aliyekuja kwa kunipa kampani tu, ndiye aliyekataa kuondoka.

Njia ya Crystal Spring, karibu na kituo cha wageni, nayo inapendeza, hasa kwa rangi ya maji yake, lakini samaki nilimfaidi zaidi Kings Pool.

Devils Hole ni jambo jingine, na ni kweli kwamba kwa macho matupu humwoni samaki. Unasimama juu kwenye jukwaa lililozungushiwa uzio, unatazama ufa katika mwamba na maji yenye joto la nyuzi 33 ambayo wapiga mbizi hawajaufikia mwisho wake. Karibu na uso wa maji kuna ukingo mdogo wa mwamba, na juu ya ukingo huo Cyprinodon diabolis, samaki wa sentimita mbili na nusu asiye na mapezi ya tumboni, hupata mwani wake na kutaga mayai. Wa asili hawapo mahali pengine popote duniani. Mashamba ya jirani yalipovuta maji ya ardhini hadi ukingo ule ukaanza kubaki mkavu, kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1976 majaji wote waliafikiana kwamba kina cha maji kilindwe. Hata hivyo hesabu ya mwaka 2013 ilipata samaki 35 tu, na ndiyo maana leo kuna tangi kubwa lililojengwa kuiga shimo hilo, ili wakiangamia huku wawe na akiba kule. Nilipoyafahamu haya, uzio ule ulioniudhi mara ya kwanza niliuona ni haki kabisa. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1984, baada ya ardhi kuokolewa kutoka kwenye mpango wa kujenga mji. Kilifishi mwingine wa Ash Meadows, Empetrichthys merriami, alikuwa ameshatoweka, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1948.

Kwa atakayekwenda: ndani ya hifadhi hakuna mafuta wala chakula, kwa hiyo jaza tangi na ununue maji katika mji wa jirani wa Pahrump. Barabara nyingi ni za changarawe na gari dogo hupita ukienda taratibu, ila mvua ikinyesha tope huwa la kukwamisha. Kiangazi joto huvuka nyuzi 40. Chagua Machi au Aprili. Chukua darubini ndogo kwa ajili ya Devils Hole, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, ambayo kwa Kings Pool ilitufaa kuliko kamera. Usitie mkono majini, wala usimwachie humo samaki wa nyumbani, kwani samaki wa kigeni ni miongoni mwa maadui wakubwa wa hawa wenyeji. Anzia kituo cha wageni, umalizie Point of Rocks alasiri, na usimruhusu mtu akuharakishe.