Glavu za Kuchanganyia Dawa ya Shamba: Kipimo cha Maji Hakitoshi

Msimu uliopita nilinunua glavu nyeusi za mpira katika duka moja la agroveti mjini Nakuru. Muuzaji alizijaza maji mbele yangu, na lisipodondoka hata tone akanihakikishia kwamba sumu haitanigusa. Nilizivaa kuchanganya dawa ya wadudu wa viazi, ile ya mafuta inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini, na kufikia jioni vidole vilikuwa vinawasha ingawa glavu hazikuwa na tundu.

Maji hufichua tundu tu. Dawa nyingi za namna hiyo huyeyushwa kwa zailini, kiyeyusho kitokanacho na mafuta ya petroli, nayo hupenya ndani ya mpira wenyewe na kutokea upande wa ngozi bila kuacha alama yoyote. Kwa hiyo kipimo cha EN ISO 374-1, kiwango cha kimataifa cha glavu za kukinga kemikali, huhesabu dakika ambazo kemikali inachukua kupenya. Aina A imestahimili angalau kemikali 6 kati ya 18 kwa zaidi ya dakika 30, Aina B kemikali 3, na Aina C kemikali 1 kwa dakika 10 tu, tena bila kuandikiwa herufi. Kila herufi inayochapwa kwenye glavu husimama badala ya kemikali moja, na herufi hizo ndizo watu wasizosoma. K ni soda kali, na glavu inayojivunia K haijakwambia lolote kuhusu zailini; F ni toluini, iliyo jamaa ya karibu ya zailini. Kumbuka pia kwamba kipimo hufanywa katika nyuzi 23 hivi, ilhali kiganja chenye joto huharakisha upenyaji.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni Ansell Solvex 37-675, za nitraili ya kijani, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, yenye unene wa milimita 0.38. Hazizuii zailini siku nzima, lakini mpira wa kawaida hauzikaribii. Zinazofuata ni nitraili nene za kampuni nyingine, mradi herufi ziwe zimechapwa. Zile nyembamba za kutupa ni za kazi ya dakika chache. Za mpira mweusi za bei nafuu ziacheni.

Kinachoniudhi ni maduka kumwaga glavu guniani bila karatasi ya maelezo, kisha yakamtoza mkulima bei ya glavu zilizopimwa. Nilipouliza herufi ziko wapi, muuzaji alichukua jozi nyingine na kuanza kuijaza maji.