Tahadhari: Muuzaji wa DVD za "kanda zote" anayeuza kasoro moja mara tatu

Ndugu wasomaji, nawaandikia hasa ninyi mnaowatafutia wazazi wenu vipindi vya zamani vya televisheni kutoka Uingereza na Marekani, kwa kuwa ninyi ndio wateja ambao muuzaji huyu anawawinda. Hujitangaza mtandaoni kwamba anaagiza DVD halisi kutoka ng'ambo na kuzisambaza Nairobi na Mombasa, na kila tangazo lake husema kuwa diski hizo ni za kanda zote, yaani za maeneo yote ya dunia, na zinacheza popote. Jina lake silitaji, kwa sababu ukurasa wake umebadilishwa jina mara mbili tangu nilipoanza kudai fedha zangu, na jina la leo halitamsaidia mtu kesho. Mtamtambua kwa namna anavyouza.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka alipostaafu, na kwa miaka mingi amekuwa akiuzungumzia Mind Your Language, mchezo wa vichekesho wa Uingereza kuhusu darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza jijini London. Nilimwahidi kumtafutia vipindi vyote 29 vya misimu mitatu ya kwanza, vilivyotoka kati ya 1977 na 1979. Muuzaji alikuwa na kasha hilo, pamoja na makasha mawili ya vichekesho vya familia vya Marekani, na nikamlipa shilingi 9,500 kwa yote matatu kabla sijayatia machoni. Jioni mzigo ulipofika tulianza na kasha la kwanza la Marekani. Deki iliizungusha diski kwa sekunde chache, runinga ikawa buluu tupu, yakatokea maandishi kwamba namba ya kanda si sahihi, kisha diski ikatemwa. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akidhani kwamba tatizo ni macho yake.

Tatizo halikuwa macho yake wala deki yetu. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda tangu DVD zilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, ili filamu iliyotoka Marekani isiuzwe kwingine kabla ya wakati wake, na ili haki za kuuza zigawanywe nchi kwa nchi. Marekani na Kanada ziko kanda ya 1. Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati ziko kanda ya 2. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, iko kanda ya 5. Afrika Kusini haiko nasi. Imewekwa kanda ya 2, na hili mlishike, kwa sababu muuzaji huyu alinieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba diski iliyopitia Johannesburg "ni ya Afrika" na lazima icheze kwetu. Namba ya kanda huchapwa nyuma ya kasha, ndani ya alama ndogo yenye umbo la dunia isiyozidi ukucha wa kidole. Nilipoyarudia matangazo yake yote niligundua kwamba makasha yamepigwa picha kwa mbele tu. Hakuna hata picha moja ya nyuma.

Nilipolalamika hakubishana nami. Alisema diski hazina kasoro ila deki yangu "haijafunguliwa", na kwamba anayo iliyofunguliwa na fundi wake kwa shilingi 6,000. Nasikitika kusema kwamba niliinunua, kwa kuwa mzee alikuwa anasubiri. Kweli, diski za Marekani zikacheza. Siku ya pili tukatia kasha la Uingereza, alilokuwa akilingojea kuliko yote, na deki "iliyofunguliwa" ikalikataa kwa maandishi yaleyale ya kwanza.

Safari hii akaniambia nimpelekee fundi wake kompyuta yangu, eti atairekebisha isome kila kitu, kwa shilingi 1,500. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu fedha hurudi lakini hasara hii hairudi kirahisi. Kisomeo cha DVD kilichomo ndani ya kompyuta, kwa vile vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000, kwa kawaida huruhusu namba ya kanda ibadilishwe mara tano tu, na baada ya hapo hujifunga kwenye namba ya mwisho iliyowekwa. Hesabu hiyo imehifadhiwa ndani ya kisomeo chenyewe, kwa hiyo hata ukifuta Windows na kuiweka upya hurudishiwi hata nafasi moja. Fundi alijaribu kanda ya 1, akajaribu ya 2, akarudi ya 1, akaendelea hivyo hadi nafasi zote zikaisha. Kompyuta iliporudi nilifungua ukurasa wa mipangilio ya kisomeo na kukuta mabadiliko yaliyobaki ni 0, na kanda iliyofungwa ni ya 1. Hakuniambia lolote kuhusu hesabu hiyo, kabla wala baada ya kazi.

Jibu nililipata mwenyewe kwa rimoti. Deki nyingi za bei nafuu zina ukurasa wa mipangilio uliofichwa, ambao hufunguka ukibonyeza vitufe fulani kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo hutofautiana kulingana na modeli. Nilipoufungua kwenye deki aliyoniuzia nilikuta imewekwa namba 1, basi. Haikuwa imefunguliwa hata kidogo. Ilikuwa imehamishwa kutoka kanda moja hadi nyingine. Nikaweka 2, na kasha la Uingereza likacheza papo hapo. Kisha nikaijaribu deki yetu ya zamani, ile aliyoiita mbovu, nikakuta nayo ina ukurasa uleule. Kazi ya nusu dakika isiyohitaji bisibisi ndiyo iliyonigharimu shilingi 7,500 juu ya bei ya diski, na ndivyo anavyoishi mtu huyu: anakuuzia diski isiyolingana na chombo chako, kisha anakuuzia dawa ya diski hiyo, kisha dawa ya dawa.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonikasirisha kuliko mengine. Kasha la tatu, la Marekani, lilicheza kwenye deki zote mbili bila kujali namba iliyowekwa, na kwa muda nikadhani kwamba angalau hapo alisema kweli. Nilipogeuza diski zake chini ya taa niliona rangi ya zambarau, wakati zile nyingine ni za fedha inayong'aa. Diski ya kiwandani huchapwa kwa mashine na upande wake wa chini huwa wa rangi ya fedha au, zile za tabaka mbili, dhahabu hafifu. Rangi ya zambarau ni ya diski tupu iliyochomwa kwenye kompyuta. Nakala za namna hiyo kwa kawaida huwa zimekwisha ondolewa namba ya kanda, ndiyo sababu hucheza popote. Kwa hiyo bidhaa pekee iliyotimiza ahadi ya tangazo lake ndiyo iliyokuwa bandia, na niliilipia bei ya diski halisi.

Ukikutana na muuzaji wa aina hii, mwombe picha ya nyuma ya kasha na ya upande wa chini wa diski kabla ya kutuma chochote, na umtake aandike namba ya kanda kwa tarakimu katika ujumbe wake. Neno "kanda zote" lisikutoshe. Mwulize pia kama ni PAL au NTSC, yaani mifumo miwili tofauti ya picha za runinga: diski za Uingereza ni PAL na za Marekani ni NTSC. Kwetu deki nyingi husoma zote mbili, lakini ndugu zetu walioko Marekani wanaoagiza vipindi vya Uingereza wajue kwamba deki nyingi za huko hazisomi PAL hata zikiwekwa kanda sahihi. Na ukiweka deki yako kwenye 0, ambayo ndiyo kanda zote ya kweli, usishangae baadhi ya diski za Marekani zikiikataa, kwani zimetengenezwa kuitambua hila hiyo; hizo ziwekee 1. Wanaonunua Blu-ray, diski zilizokuja baada ya DVD, watazame herufi badala ya namba: Kenya na Uingereza ziko B, Marekani iko A.

Mimi nimemwandikia nikitaka anirudishie fedha za deki, za fundi na za kasha bandia, nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Ikiwa nawe umenunua kwake, usifute mazungumzo wala risiti za malipo, na uzipige picha diski pande zote mbili.

Jumatatu nimeona tangazo lake jipya chini ya jina la tatu. Makasha yamepangwa juu ya kitambaa kilekile cha meza chenye maua ya buluu, na la kwanza kushoto lina kona iliyochanika kama lilivyokuwa katika tangazo nililolinunulia mimi. Sasa anaiweka deki pamoja nayo tangu mwanzo, kwa shilingi 14,000, na chini ameandika kwamba zinacheza popote.