Banda umiza la mtaani kwetu, msimu wa 2023/24: mapitio ya mtu wa Coastal

Nianze na kujitambulisha, mjue mizani yangu imeegemea wapi. Mimi ni mwanamke wa Tanga, fundi cherehani, nina kibaraza changu Mbagala mwaka wa saba sasa, na timu yangu ni Coastal Union. Nikisema hivyo watu wa Dar hunitazama kama niliyesema sina kabila. "Sawa dada, Coastal, na ile nyingine?" Nyingine sina.

Banda lenyewe, yaani kibanda cha kuonyesha mpira kwa kiingilio, silitaji jina. Bado ninaishi mtaa ule ule, na mwenye banda ni mteja wangu wa suruali. Wanaolijua watalijua tu: mabati ya kutu, turubai la bluu upande wa magharibi, na ubao mweusi nje ambao huandikwa kwa chaki mechi za siku hiyo. Nimeingia humo msimu mzima wa Ligi Kuu, kuanzia Agosti 2023 mpaka Mei 2024. Kila nilipoingia niliandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa hiyo hesabu ninayo: mechi 41. Za kawaida 27 kwa mia tano, za Simba au Yanga 12 kwa elfu moja, na dabi mbili, yaani Simba na Yanga zenyewe, kwa elfu mbili kila moja. Jumla 29,500. Muhogo na kahawa sikuviandika, nisije nikajiumiza roho.

Kwa hela hiyo unapata nini? Skrini kubwa moja ya projekta na televisheni moja pembeni. Projekta ina doa la kijani pembe ya kushoto chini, hivyo kona zote za upande ule hupigwa kwenye majani mabichi kuliko kawaida. Ukizoea huoni. Ila kabla ya jua kuzama picha inafifia, kwa sababu turubai lina matundu, na mechi zetu nyingi ni za saa kumi. Mechi za saa kumi tuliziangalia kama watu wanaosoma barua kwenye mwanga wa mshumaa. Za usiku, mwe, picha safi kabisa, unaona mpaka jasho la Diarra, kipa wa Yanga.

Sauti ni nzuri kupita kiasi. Spika mbili zinatosha harusi. Tatizo ni lile duka la jirani ambalo husikiliza redio, na redio huwahi kuliko king'amuzi. Bao hulisikia kwanza dukani, kisha unakaa sekunde kadhaa unasubiri uone limefungwaje. Mabishano ya "hii anakosa" hayana maana tena. Nilimwambia mwenye banda aongee na jirani. Akasema jirani ndiye anayemkopesha mafuta ya jenereta.

Na hapo kwenye mafuta lazima nikae kidogo.

Tarehe 5 Novemba 2023, dabi. Mnakumbuka ule ulikuwa wakati wa mgao wa umeme. Banda lilijaa tangu saa nane, watu wamekaa wawili wawili kwenye nafasi ya mtu mmoja, mimi nimebanwa kwenye nguzo. Musonda wa Yanga akafunga kwa kichwa dakika ya tatu tu, Kibu Denis wa Simba akasawazisha kabla hata hatujamaliza kupigizana kelele. Mapumziko moja moja. Simba walikuwa na imani, na sitawacheka, maana Agosti kule kwetu Tanga, uwanja wa Mkwakwani, waliwashinda Yanga kwenye Ngao ya Jamii kwa penalti, kipa wao Ally Salim akidaka tatu. Kipindi cha pili kimeanza, mpira umenoga, pu! Giza.

Kijana wa mlangoni akakimbilia jenereta. Anavuta kamba, linakohoa, linanyamaza. Halina mafuta. Bodaboda akatumwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Tukiwa gizani, duka likalipuka: Maxi. Watu hawajatulia, duka likalipuka tena: Aziz Ki. Jenereta lilipowaka tulikuta ubao wa matokeo unasomeka 3-1, na wenye jezi nyekundu wakawa wanasoma kama watu waliopewa bili isiyo yao. Maxi akaongeza la nne, Pacome akamalizia kwa penalti. Tano moja. Hapo ndipo mzee mmoja wa Simba, mtu mzima wa heshima zake, alipoinuka akasema taratibu, "Kijana, kama yale mafuta yanaweza kurudi kwenye chupa, nitalipia." Banda zima lilicheka, nyekundu kwa kijani.

Hela hazikurudishwa. Tulikosa mabao mawili kati ya sita tukiwa tumelipa bei ya dabi, na jibu lililotolewa ni kwamba umeme hauna mwenyewe. Umeme sawa. Mafuta je? Kwa hilo ninakata nyota nzima, na ningekata ya pili isingekuwa aliyeniletea maji ya baridi bure nilipokuwa nimebanwa pale kwenye nguzo. Kocha wa Simba, Robertinho, alifukuzwa siku mbili baadaye. Jenereta bado lipo.

Vitu vingine vipite haraka. Mabenchi ni mbao tupu, njoo na kitenge cha kukalia. Feni ziko mbili na inayozunguka ni moja. Choo ni kimoja, cha nyumba ya nyuma, na kwa mwanamke ufunguo huuombwa kwa mama mwenye nyumba, ambaye hapendi mpira na hapendi kuamshwa. Wanawake tulikuwa wachache, siku nyingi mimi na shoga yangu muuza vitumbua tu, lakini sikuwahi kuvunjiwa heshima. Lugha huwa chafu, hilo sifichi, ila ikinikaribia mtu husema "kuna mama hapa" na matusi huhamia benchi la nyuma. Muhogo wa kukaanga wa pale mlangoni, kwa kachumbari na pilipili ya kusaga, ndicho kitu pekee nisichokuwa na neno nacho. Kahawa ni chungu sawasawa. Kashata zilikuwa nzuri mpaka Februari, kisha ikabadilika mikono.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya niandike.

Rimoti. Mwenye banda ameitundika shingoni kwa kamba, kama kitambulisho cha ofisi, hata akienda kuswali inakwenda naye. Tangu ule mkataba wa 2021 wa Azam TV na TFF, shirikisho letu la mpira, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ligi yetu ina kamera. Picha inatoka Kigoma kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Mashujaa wanacheza, inafika Mbagala. Zamani Coastal yangu niliisikia redioni, tena kwa mkato, dakika mbili za kuunganishwa na Mkwakwani kisha tunarudi Dar. Kwa hiyo siku hizi kinachonitenga na timu yangu si umbali wala mitambo. Ni kidole gumba cha mtu mmoja.

Utaratibu wake ni huu: Yanga na Simba kwanza. Wasipokuwepo, ligi ya Uingereza. Ikikosekana, Hispania. Kisha marudio ya Yanga na Simba. Coastal nilimwona kwenye skrini kubwa pale tu alipocheza na mmoja wa hao wawili, na mara ya kwanza ilikuwa Septemba, Jean Baleke wa Simba anatufunga matatu peke yake. Yaani kwenye banda lile Coastal ni timu inayokuja kufungwa, kama jambazi wa kwenye sinema ambaye hana nyumba wala mama. Mechi zake nyingine nilizipata kwenye televisheni ya pembeni, sauti imezimwa, nikimwomba kijana wa mlangoni kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Na wamekosa mengi, hawa wenzangu. Wamemkosa Ley Matampi, kipa Mkongo, ambaye msimu mzima alikuwa anafunga mlango kama mwenye duka aliyesikia fujo, mpaka akampita Diarra mwenyewe kwa mechi za kutoruhusu bao. Wamemkosa Lameck Lawi, beki kinda, anavyosimama mbele ya mshambuliaji mzima bila haraka. Tulianza na kocha Zahera, akaondoka, akaja Mkenya David Ouma, na timu ikajifunza kushinda bila kupendeza. Mabao yetu ni machache, nakubali. Mtu aliyezoea tano tano hawezi kukaa na Coastal dakika tisini bila kuangalia simu. Lakini mimi nimelelewa na simulizi za ubingwa wa 1988. Kusubiri si kazi ngeni kwangu.

Kwenye ubao wa nje jina letu liliandikwa mara moja tu msimu mzima. Liliandikwa KOSTO.

Kuhusu mechi kubwa, ambako banda hili linajivunia, kweli lina raha yake na ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Ihefu walipowafunga Yanga 2-1 Oktoba kule Mbarali, nilimwona mtu mzima anakumbatia nguzo. Siku kumi na tisa baadaye Yanga na timu ya Azam, 3-2, Aziz Ki yote matatu, na lile bao la mwisho benchi la mbele lilivunjika. Halijatengenezwa mpaka leo, limewekewa tofali. Usiku wa Pretoria mwezi wa nne, Yanga na Mamelodi Sundowns kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, si ligi yetu, lakini nautaja kwa sababu nililipia: mpira wa Aziz Ki uligonga mwamba ukadunda chini, refa akakataa, na kwa mara ya kwanza nikasikia mashabiki wa Simba wanamtetea mtu wa Yanga. Ilidumu kama dakika nne. Dabi ya pili, Aprili 20, 2-1 kwa Yanga, umeme ulikuwepo, mafuta yalikuwepo, mvua ikawepo. Turubai lilishika maji likafanya tumbo, na kila baada ya muda kijana anapanda kulisukuma kwa mti wa ufagio. Guede alifunga la pili wakati maji yanamwagika kwenye migongo ya benchi la pili. Hakuna aliyeinuka. Ubingwa wa 30 wa Yanga ulikuja Mei 13 kule Manungu kwa Mtibwa, 3-1, na siku ile kiingilio kilikuwa bure saa moja ya mwisho, hilo nampongeza. Nilimwonea huruma Mtibwa. Bingwa wa 1999 na 2000 akashuka daraja mwezi ule ule, na bandani hakuna aliyelizungumzia.

Siku ya mwisho, Mei 28, mechi zote saa kumi. Skrini kubwa Yanga na Prisons, kwa sababu ya kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora. Televisheni ya pembeni Simba na JKT, kwa sababu ya nafasi ya pili. Azam aliyekuwa Geita hakuwa na skrini, ingawa ndiye aliyekuwa anagombania vyote viwili. Mimi na Mpemba mwenye duka la mangi wa zamani, ambaye humfuata Fei Toto, aliyekuwa Azam msimu ule, popote aendapo, tukachangia simu moja na bando lake. Aziz Ki akapiga matatu, akamaliza na 21. Fei akabaki na 19. Simba alishinda lakini Azam naye alishinda, wote pointi 69, Azam akamzidi kwa tofauti ya mabao, na Simba chini ya Juma Mgunda, mtu wetu wa Tanga, akaangukia wa tatu. Mpemba alifurahi nusu akanuna nusu. Nami nikateremsha msimamo kwa kidole mpaka nikaliona: nne, Coastal Union. Tiketi ya Kombe la Shirikisho. Nilipiga kigelegele peke yangu. Banda zima likageuka, mtu akauliza, "Nani kafunga?"

Basi nyota zangu ni tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa mafuta na moja kwa rimoti. Ukienda, chukua benchi la tatu, upande wa kulia wa nguzo: upo mbali na spika, mbali na maji ya turubai, na unaziba lile doa la kijani kwa kichwa cha mtu wa mbele. Siku ya dabi fika kabla ya saa nane, na ukaguse jenereta mwenyewe kabla ya kulipa. Usimwombe mama mwenye nyumba ufunguo baada ya saa tatu.

Msimu ulipokwisha mwenye banda alikuja kuchukua suruali yake, niliipanua kiuno inchi mbili. Akaniuliza msimu ujao nitakuwepo. Nikamwambia Coastal anacheza Afrika, je, ataonyesha? Akakuna kichwa, akashika ile rimoti, akasema kama siku hiyo Simba na Yanga hawachezi, ataweka, tena skrini kubwa, na ubaoni ataandika mwenyewe. Nilichana karatasi kwenye daftari la vipimo, nikamwandikia kwa herufi kubwa: COASTAL. Nikaiingiza kwenye mfuko wa ile suruali, na pesa ya kupanua kiuno nikaipokea yote.