Kidude cha ELM327 kwenye vani ya dizeli: kinunue kwa ajili ya namba, si msimbo

ELM327 ni kidude unachokichomeka kwenye soketi ya uchunguzi ya gari ili usome data ya kompyuta yake kwenye simu. Boksi lake linajigamba kwamba kinatambua hitilafu za gari. Hakitambui chochote. Kinasoma tu, na kutambua ni kazi yako. Ukikichukua hivyo kitakufaa sana. Ukitegemea kikutajie spea ya kubadilisha, utabadilisha nzima ukiacha mbovu.

Mimi nimekitumia kwenye vani yangu ya dizeli inayobeba spika na jenereta. Ikiwa na mzigo mlimani ilikuwa inaishiwa nguvu, taa ya injini inawaka, halafu kompyuta inaibana isiende zaidi ya mwendo wa kujikokota. Ukizima na kuwasha tena, inapata nafuu kidogo. Fundi mmoja alikuwa ameshasoma msimbo P0236 (misimbo ni namba ambazo kompyuta ya gari inazipa hitilafu) akafunga sensa mpya ya presha ya turbo, ile wanayoiita sensa ya MAP. Taa ikarudi, na msimbo ni ule ule. Hapo ndipo nilipokinunua hiki kidude na kukiunganisha na simu.

P0236 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kile sensa inachoripoti hakiendani na kile kompyuta inachotarajia. P0237 na P0238 ndizo za umeme, yaani volti za chini mno au za juu mno, na hapo unafikiria waya uliokatika au uliogusana na mwingine. P0299 ni kilio kwamba turbo haitoi presha ya kutosha: kagua mpira uliopasuka kati ya turbo na injini, klampu iliyolegea, au aktueta (mkono unaoendesha turbo) iliyoganda. Misimbo hii yote ina neno turbo ndani yake, lakini inakupeleka sehemu tofauti za gari.

Kabla ya kufuta msimbo, fungua ukurasa wa kumbukumbu ya tukio, pale kompyuta inapohifadhi hali ya gari wakati hitilafu iliponaswa. Ukifuta, kumbukumbu inaondoka nayo, kwa hiyo piga picha ya skrini kwanza. Yangu ilionyesha mizunguko ya injini sifuri. Sifuri! Hitilafu ilinaswa swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawaka, yaani turbo haijazunguka hata kidogo. Watu walikuwa wameshaanza kunishauri ninunue turbo nyingine.

Sasa jambo linalofanya kidude hiki kistahili kununuliwa. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha weka namba mbili kwenye skrini: presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini, ndiyo inayopimwa na sensa ya MAP) na presha ya hewa ya nje. Injini ikiwa imezimwa, ndani na nje ni hewa ile ile, kwa hiyo namba zinapaswa kulingana au kupishana kidogo sana. Kwenye usawa wa bahari, zote mbili zitakuwa karibu na kilopaskali 101, na ukipanda sehemu za juu zitashuka pamoja. Yangu ilisoma 113 ndani na 99 nje. Sensa mpya, sensa ya zamani, zote mbili zilisema 113. Sensa mbili haziwezi kukosea kwa kiasi kile kile bila kuwa na kitu kinachozikoseshea.

Kuanzia hapo kidude hakina msaada, chukua multimita. Sensa ina waya wa volti 5, waya wa nega na waya wa kupeleka taarifa, na zile zinazopima pia joto la hewa zina wa nne. Plagi ikiwa imechomekwa na swichi imefunguliwa, nilipima kati ya waya wa nega na nega ya betri. Ilitakiwa iwe karibu na sifuri, nikapata volti 0.3. Nega ikipanda, taarifa nayo inanyanyuka, na kompyuta inadhani kuna presha ambayo haipo. Waya ulikuwa umesuguana na bati la kushikilia plagi, ukaingia kutu ya kijani. Nikaukata, nikaulehemu na kuufunika vizuri. Ikasoma 100 kwa 99.

(Ukichomoa sensa na kuikuta imejaa masizi yenye mafuta, isafishe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Usiingize sindano kwenye tundu lake. Na angalia ule mpira wa duara unaoziba pale sensa inapoingia; ukichanika, hewa inavuja hapo hapo.)

Kasoro zake ninazijua. Kubwa ni kwamba data ya kawaida ya presha ya manifoldi husafirishwa kwa baiti moja, kwa hiyo namba haivuki 255. Barabarani nikiwa na mzigo ilipanda hadi 255 ikaganda, na abiria wangu akadhani turbo inazidisha. Hapana, ni mwisho wa rula. Kumbuka pia kwamba namba hiyo imejumlisha hewa ya kawaida: 200 kwenye skrini ni kama baa moja tu ya turbo (baa moja ni kilopaskali 100), si mbili. Kama turbo yako inapuliza zaidi ya baa moja na nusu, tafuta kifaa kinachosoma data za mtengenezaji wa gari lenyewe.

Pia ni kizito kujibu. Ukiweka vipimo kumi kwenye skrini, namba zinachelewa kiasi cha kukudanganya. Acha presha na mizunguko ya injini peke yake. Changu kimeandikwa toleo 1.5, ambalo Elm Electronics, waliobuni chipu yenyewe, hawakuwahi kulitoa. Ni nakala, na inafanya kazi, ila Bluetooth yake hukatika inapojisikia. Wenye iPhone watafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya nishati ndogo, maana hiki hakitaungana nayo.

Ukiegesha, kichomoe. Pini namba 16 ya soketi ina umeme wa betri hata swichi ikiwa imefungwa, na hiki changu hakijui kulala.